Kutafuta kazi za mkataba za TEHAMA ukiwa Arusha au Moshi: mwongozo kamili, kuanzia tangazo hadi malipo

Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, ofisi nyingi za utalii hapa Arusha hutulia. Magari yako gereji, waongoza watalii wamerudi makwao, simu hazilii. Huo ndio wakati mwenye kampuni anapokumbuka kwamba mfumo wake wa kupokea oda ulimsumbua msimu wote wa Desemba: mgeni analipa, uthibitisho haufiki, chumba kimoja kinauzwa mara mbili. Anataka mtu wa kuutengeneza kwa wiki sita, kazi iishe kabla wageni wa Juni hawajaanza kushuka uwanja wa ndege wa KIA. Habari ya kuajiri mtu wa kudumu hata haimo akilini mwake. Anamtaka anayelijua hilo tatizo aje, alimalize, alipwe, aende.

Nimeishi kwa kazi za namna hiyo kwa miaka tisa: seva, mitandao ya ofisi, mifumo ya takwimu. Kama kuna jambo moja ninalotaka uondoke nalo hapa ni hili: kazi ya mkataba ina tarehe ya mwisho, na anayeitoa anaiwaza tarehe hiyo kabla hajakuwaza wewe. CV, simu, bei na masharti yako vyote viizunguke tarehe hiyo. Nimeona wenzetu wenye ujuzi mkubwa wakikosa kazi hizi kwa sababu wanaziomba kama wanaomba ajira ya serikali: barua ndefu, vyeti vilivyogongwa muhuri wa wakili, kisha kusubiri. Kazi ya wiki sita haikusubiri miezi mitatu.

Hatua ya kwanza: jua nani ananunua, na ananunua lini

Kabla ya kufungua tovuti yoyote, kaa chini uandike wanunuzi wa ujuzi wako waliopo kanda hii. Arusha ina bahati ambayo miji mingi ya Tanzania haina. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, na sasa ina nchi wanachama 8 baada ya DRC kuingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, Umoja wa Posta Afrika uko hapa, TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, iko hapa. Kuna Chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, Chuo cha Uhasibu Njiro, Chuo cha Ufundi, na kampuni za utalii zisizohesabika. Moshi kuna hospitali ya KCMC na utafiti wake wa afya, kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kuna viwanda kama cha sukari cha TPC, na mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyotapakaa hadi Rombo na Same.

Kila mmoja ana majira yake. Utalii hutengeneza mifumo masika, Aprili na Mei, na huwezi kumpata mwenye kampuni Agosti hata ukimsubiri mlangoni. Serikali ya Tanzania na Jumuiya huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, kwa hiyo zabuni na nafasi za washauri huanza kuonekana bajeti zikishapita, kisha huja wimbi la pili la harakaharaka kuelekea Juni, fedha zisije zikarudi. Miradi ya afya na utafiti hufuata kalenda ya mfadhili wake, na mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza Oktoba. Andika majira haya ukutani. Mimi huanza kupiga simu kwenye utalii mwezi Machi.

Ujuzi nao una soko lake kwa mahali. Anayejua mifumo ya kukusanya na kutunza data kama DHIS2, ODK, KoboToolbox au REDCap ana kazi zaidi Moshi kuliko anavyodhani, kwa sababu miradi ya afya hukusanya data kila siku na mara nyingi hukwama kwenye kuisafisha na kuiunganisha. Arusha mjini wanaomba zaidi tovuti, malipo ya kadi, mitandao ya hoteli na lodge, na usalama wa barua pepe.

Hatua ya pili: tofautisha mikataba miwili yenye jina moja

Watu husema "kazi ya mkataba" wakimaanisha vitu viwili tofauti kabisa, na kutoelewa hapa huumiza watu baadaye.

Cha kwanza ni ajira ya muda maalumu. Wewe ni mwajiriwa, ila ajira ina mwisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautambua mkataba huu kwa wataalamu na watu wa kada ya uongozi, na kanuni za mwaka 2017 ziliweka kwamba usipungue miezi 12. Hapo mwajiri anakukata PAYE (kodi ya mshahara), anapeleka michango yako NSSF, ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na una likizo.

Cha pili ni mkataba wa huduma. Wewe unauza kazi kwa ankara. Hakuna likizo, hakuna NSSF mpaka ujichangie mwenyewe, na mteja anakukata kodi ya zuio, yaani sehemu ya malipo yako anayoipeleka TRA. Kazi nyingi za wiki au miezi michache ziko kundi hili.

Kuna waajiri wanaokupa karatasi ya pili huku wakikutumia kama wa kwanza: uingie saa mbili asubuhi, uombe ruhusa ya kwenda msibani, utumie kompyuta yao, usifanye kazi kwingine. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaangalia hali halisi kuliko jina lililoandikwa juu ya karatasi. Ikiwa mtu anasimamia saa zako, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au unamtegemea yeye kiuchumi, sheria inaweza kukuhesabu kuwa mwajiriwa. Na hilo lina maana siku ya ugomvi: mwajiriwa anakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ana siku 30 tu za kulalamikia kuachishwa kazi. Mwenye mkataba wa huduma anakwenda mahakamani kudai deni kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Jua uko upande upi siku unayosaini.

Hatua ya tatu: makaratasi yawe tayari kabla ya simu

Hii ni fupi. TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA, inayotolewa bure. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA ukitaka kuuza huduma kwa taasisi, pamoja na leseni ya biashara. Akaunti ya benki yenye jina lilelile lililo kwenye ankara. Ukilenga taasisi za umma, jisajili NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioichukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, maana ambaye hayumo humo hata akipendwa hawezi kupewa kazi. Tafuta pia wadhamini watatu wanaopokea simu. Nasema wanaopokea simu, kwa sababu nimepoteza wiki nzima kwa mdhamini aliyekuwa amebadilisha namba.

Hatua ya nne: CV ya mtu anayemaliza kazi

Kurasa mbili. Tupa jina la shule ya msingi, dini, hali ya ndoa na picha. Chini ya jina lako weka mstari mmoja unaosema wewe ni nani kwa lugha ya matangazo, na matangazo ya fani yetu yameandikwa Kiingereza, kwa hiyo CV iandikwe Kiingereza. Mtu wa wakala hakai kusoma CV mia mbili. Anaandika maneno matatu kwenye kisanduku cha kutafutia, na mfumo unamletea wenye maneno hayo. Kama umeandika "nina ujuzi mpana wa hifadhidata" na yeye anatafuta "PostgreSQL", haupo. Taja vitu kwa majina yake: Windows Server na toleo lake, MikroTik, Cisco, Laravel, Power BI.

Kisha orodhesha kazi zako kama miradi, kila mmoja na muda wake, tatizo ulilolikuta, ulichofanya, na hali ulivyoiacha. "Miezi minne. Hoteli ya vyumba 60, mtandao ukikatika kila jioni wageni wakirudi kutoka mbugani. Niligawanya mtandao wa wageni na wa ofisi, nikabadilisha nyaya za ghorofa ya pili, nikaacha michoro na nikawafundisha wahudumu wawili." Msomaji wa mistari hiyo anaona mtu aliyeanza na kumaliza. Mapengo ya miezi miwili au mitatu kati ya mikataba ni ya kawaida, usiyafiche kwa kunyoosha tarehe. Atakayepiga simu kwa mdhamini ataligundua.

Andika pia tarehe unayoweza kuanza. Watu wengi huisahau, na ndicho kitu cha kwanza wakala anachouliza. Hifadhi kwa Word au PDF ya maandishi. CV iliyopigwa picha na simu haisomwi na mfumo wowote.

Na usiambatanishe kitambulisho cha NIDA kwenye maombi ya kwanza. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na anayekusanya taarifa zako anapaswa kuwa na sababu. Sababu hiyo huja ukishachaguliwa.

Hatua ya tano: tovuti za ajira, na namna ya kuzitumia bila kupoteza siku

Usijiandikishe kila mahali. Chagua nne au tano, uzijaze kikamilifu, uzitembelee kwa ratiba.

LinkedIn ndiyo ninayoiweka mbele, kwa sababu mawakala wa Dar es Salaam na Nairobi hutafuta watu humo wenyewe, hata wasipotangaza. Weka eneo lako wazi: Arusha au Moshi. Baadhi yetu huandika Dar wakidhani itawasaidia, kisha wanakosa wakala anayemtafuta mtu aliyeko Kaskazini hasa, ambaye hatalipiwa nauli na hoteli. Kukaa kwako hapa ni mtaji. Ongeza tovuti moja yenye matangazo mengi ya kampuni binafsi. Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira inahusu utumishi wa umma, na mara kwa mara hutoka humo nafasi za mkataba. ReliefWeb na kurasa za Umoja wa Mataifa ni za miradi na mashirika. Tovuti za Jumuiya na za Mahakama ya Afrika zitembelee moja kwa moja, kwa sababu nafasi za washauri binafsi mara nyingi huwekwa kwenye ukurasa wa zabuni. Anayetazama ukurasa wa ajira pekee hazioni kamwe. Jambo hili dogo limeniletea kazi mbili.

Kwenye Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa kuna mpaka unaofaa kuujua: anayechukuliwa kama mtaalamu binafsi wa mkataba ("individual contractor") hufanya kazi kwa miezi 6, au 9 kwa sababu maalumu, katika kila miezi 12. Kwa hiyo nafasi hizo huzunguka. Aliyepo leo ataondoka, na hadidu za rejea (maelezo ya kazi) za mwaka jana zinakuonyesha zitakavyofanana za mwaka huu. Zihifadhi.

Maneno ya kutafutia yawe mapana kuliko neno "contract". Jaribu "consultancy", "fixed term", "short term", "individual consultant", "terms of reference". Washa arifa za barua pepe kwa kila moja, na uhuishe wasifu wako kila Jumatatu asubuhi hata kwa kubadilisha sentensi moja, kwa kuwa mifumo mingi huwaweka juu walioonekana karibuni.

Soma tangazo ukitafuta vitu vinne: tarehe ya kuanza, muda, kinachokabidhiwa mwishoni, na nani anayelipa. Tangazo lisilo na hata kimoja mara nyingi ni wakala anayekusanya CV. Huko si kosa, ila usilipotezee jioni yako nzima. Tangazo lenye vyote vinne, liombe siku hiyohiyo. Barua iwe mistari minane: nimewahi kufanya kazi kama hii, hapa na hapa, nitaanza tarehe fulani, niko Arusha, bei yangu ni hii au tuzungumze.

Watu huniuliza kuhusu tovuti za Uingereza, kwa sababu ukitafuta kazi za mkataba za TEHAMA mtandaoni hizo ndizo zinazojaa, zenye malipo ya kutamanisha kwa siku. Utakutana na maneno "inside IR35" na "outside IR35". Hiyo ni kanuni ya kodi ya Uingereza iliyoanza Aprili 2000, inayopima kama mtu anayeuza huduma kupitia kampuni yake mwenyewe kwa kweli ni mwajiriwa aliyejificha. Tangu Aprili 2021, kwa mteja wa kati au mkubwa wa sekta binafsi, mteja ndiye anayeamua. Tangazo lenye maneno hayo limelenga mtu mwenye haki ya kufanya kazi Uingereza. Lipite. La nje linalokufaa ni lile linalosema wazi kwamba mtu anaweza kuwa nchi yoyote, na saa zake zinakubaliana na zetu.

Upwork na ndugu zake ni soko tofauti. Wanakata ada kwenye malipo yako, na ada hiyo inaweza kufika asilimia 15. Kwa kazi yenye bei moja mliyokubaliana, hakikisha mteja ameweka fedha kwenye hifadhi ya tovuti kabla hujagusa chochote, na usikubali kuhamishiwa WhatsApp ukalipwe pembeni, maana ukidhulumiwa huko hakuna wa kukusikiliza. Mimi ningeanza na kazi ndogo tatu za kupata maoni mazuri, kisha nipandishe bei.

Hatua ya sita: mawakala wa ajira

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo penye kazi nyingi na maumivu mengi.

Wakala hulipwa na mwajiri. Kwa ajira, huchukua ada kutoka kwa kampuni. Kwa mkataba wa siku au wa mwezi, mara nyingi humtoza mteja bei moja na kukulipa wewe bei nyingine, na tofauti ndiyo riziki yake. Ukilielewa hilo utaelewa tabia zake zote: kwa nini anataka jibu leo, kwa nini anaficha jina la mteja, kwa nini anakuuliza bei yako kabla ya kukuambia ya kwake. Hana ubaya na wewe. Anashindana na mawakala wengine wawili wenye kazi hiyohiyo, na anayepeleka jina zuri kwanza ndiye anayekula.

Sheria ya Huduma za Kukuza Ajira ya mwaka 1999 inamtaka wakala binafsi awe na leseni. Mwombe namba ya leseni na jina kamili la kampuni, kisha litafute kwenye mfumo wa BRELA. Wakala wa kweli hachukii swali hilo. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi, na Umoja wa Mataifa nao unasema hautozi ada hatua yoyote ya kuajiri. Kwa hiyo anayekwambia utume elfu hamsini ya fomu, ya usaili, ya vipimo vya afya au ya kufungua faili, mweke kundi moja na wale wa "ile hela itume kwenye namba hii". Kata simu. Najua ilivyo ngumu ukiwa na miezi mitano bila kazi na kodi ya chumba inakaribia. Ndiyo maana wanachagua watu wa hali hiyo.

Simu ya kwanza huwa hivi. "Habari kaka, napiga kutoka Dar, nimeona wasifu wako. Bado uko sokoni?" Jibu vizuri, kwa utulivu, kisha uulize wewe. Kazi iko wapi, ya ofisini au ya mbali? Mteja ni nani, au angalau ni wa sekta gani? Muda gani, na bajeti imepitishwa au bado? Ni mkataba wa ajira au wa huduma, na nitasaini na nani, wewe au mteja? Ninyi peke yenu ndio mmepewa nafasi hii? Malipo ni kila baada ya siku ngapi? Andika majibu. Asiye na jibu hata la swali moja anakusanya majina tu. Mpe CV ukipenda, ila usiisubiri.

Sasa jambo lililoniponza. Mwaka fulani mawakala wawili walinipigia wiki moja kuhusu kazi ya miezi minane hapa kanda ya Kaskazini. Maelezo hayakufanana, na wote walificha jina la mteja. Niliwaambia wote sawa, tumeni. Kumbe ni taasisi ileile. CV yangu ilipofika mara mbili, yenye bei mbili tofauti, wakanitoa kabisa ili wasigombane na wakala yeyote juu ya nani alistahili ada. Nilikuwa nimefanya kazi inayofanana nayo mara mbili kabla. Tangu hapo sikubali jina langu liende kwa mteja nisiyemjua. Namwandikia wakala ujumbe: "Nakuruhusu kupeleka CV yangu kwa taasisi hii, kwa nafasi hii, kwa bei hii kwa siku." Yeye anapata ushahidi wake, mimi nina kumbukumbu. Fungua jedwali la Excel lenye safu tano: tarehe, wakala, mteja, nafasi, bei. Kila simu iingie humo. Wakala wa pili akipiga unaangalia na kumwambia ukweli kwamba umeshapelekwa, na atakuheshimu kwa hilo.

Chagua mawakala watatu au wanne, wawe watu unaowafahamu kwa sauti. Wapigie kila baada ya wiki tatu, dakika mbili tu: "Dada, namaliza kazi tarehe 30, niko huru kuanzia tarehe 5." Kazi ikikushinda au ikiwa si yako, mpe jina la mwenzako anayeiweza. Tunalalamika sana kwamba bila koneksheni hupati mchongo, na koneksheni hujengwa hivyo hivyo, kwa simu fupi na kwa kumfaa mtu kabla hujamhitaji. Mwenzako wa Moshi uliyempa kazi Machi ndiye atakayekutaja Oktoba.

Hatua ya saba: bei

Usichukue mshahara wa mwezi ukagawanya kwa siku 22. Mwenye mshahara analipwa hata akiwa na malaria, hata Sikukuu ya Nane Nane. Wewe hulipwi.

Chukua mfano. Unataka kubaki na shilingi 30,000,000 kwa mwaka, na gharama zako za bima ya afya, kujichangia NSSF, intaneti, laptopu na safari ni 6,000,000. Jumla 36,000,000. Mwaka una siku za kazi 260 hivi. Toa sikukuu 17, mapumziko 20, ugonjwa na kujifunza 10, unabaki na 213. Kati ya hizo, ukipata kazi za kulipwa asilimia 70 umefanya vizuri, yaani siku 150. Gawanya: 240,000 kwa siku. Hiyo ni sakafu yako kabla ya kodi ya mapato, na chini ya hapo unajila mwenyewe. Kazi ndefu ya miezi kumi unaweza kuipunguzia kidogo, kwa kuwa haina mapengo. Ya wiki mbili ipandishe.

Taja bei kwa shilingi. Mji huu umezoea kuhesabu kwa dola, lakini kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimezuia kutoza na kulipa kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani, isipokuwa maeneo machache yaliyotajwa. Mteja wa hapa, mkataba kwa shilingi.

Hatua ya nane: usaili

Usaili wa kazi ya mkataba ni mfupi na wa vitendo. Watakuuliza siku kumi za kwanza utafanya nini. Uwe na jibu la siku kwa siku: nitaomba nywila na michoro, nitachukua nakala ya kila kitu kabla ya kugusa, nitakaa na watumiaji watatu, siku ya kumi nitawapa ripoti. Uliza nani atapokea kazi na kusaini kwamba imekamilika. Swali hilo peke yake limewahi kunipa kazi, maana hakuna mwingine aliyeliuliza.

Na saa. Barua ikisema "9:00 AM EAT" ni saa tatu asubuhi, na kuna vijana wazuri waliofika saa tisa alasiri. Mteja wa London akisema saa nne asubuhi kwake, hapa ni saa sita mchana wakati wa Julai, na saa saba Desemba, kwa sababu wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Mwandikie saa ya kwake na ya kwako katika barua ya kuthibitisha.

Hatua ya tisa: soma mkataba kwa kalamu

Usianze kazi kwa ahadi ya "karatasi inakuja". Na ikija, tafuta mambo haya.

Kinachokabidhiwa kiandikwe kwa kuhesabika. "Kuboresha mfumo" ni mtego, hautakwisha. "Kuhamisha akaunti 40 za barua pepe, kufundisha watumiaji kwa siku mbili, kukabidhi michoro" unakwisha. Kinachoongezeka baadaye kilipiwe kwa bei ya siku.

Kusitisha. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu waliokuwa na mikataba yenye miezi kadhaa mbele waliambiwa waache kazi, na wengi wakagundua kifungu kinachomruhusu mteja kusitisha wakati wowote bila notisi. Omba angalau wiki mbili za notisi na malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika. Miradi ya wafadhili itakukatalia mara nyingine. Basi usiingie na deni.

Kumpita wakala. Karibu kila mkataba wa wakala unakuzuia kufanya kazi moja kwa moja na mteja kwa miezi 6 au 12 baada ya kumaliza. Ni haki yao, ila zuio liwe kwa mteja huyo pekee, lisiwe kwa "wateja wote wa wakala".

Tarehe ya malipo. Kuna mikataba inayosema wakala atakulipa akishalipwa na mteja. Hapo umebeba hatari ya mtu mwingine. Mimi hudai siku 30 tangu ankara, mteja awe amelipa au la. Nikikataliwa, nadai sehemu ya malipo mwanzoni. Umiliki wa programu ulizoandika utajwe pia, na uhamie kwa mteja baada ya malipo ya mwisho, si kabla.

Intaneti. Mwishoni mwa Oktoba 2025 ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, wenye wateja wa nje hawakuweza hata kutuma ujumbe wa kueleza. Weka kifungu kwamba kukatika kwa huduma kusiko mikononi mwako hakuhesabiwi uzembe, na mpe mteja namba ya simu ya kukupigia.

Hatua ya kumi: kulipwa

Tuma ankara siku ileile unayokabidhi, ikiwa na TIN, namba ya mkataba, kipindi cha kazi, na karatasi ya siku ulizofanya kazi iliyosainiwa na msimamizi. Mteja wa ndani atakata kodi ya zuio asilimia 5 kwa huduma. Kwa siku 20 za 240,000, ankara ni 4,800,000, anakata 240,000, unapokea 4,560,000. Siku moja ya kazi katika kila ishirini imekwenda TRA kwa jina lako, kwa hiyo dai cheti cha zuio kila mara, usingoje mwisho wa mwaka. Fedha hiyo hupunguza kodi unayodaiwa kwenye ritani, yaani taarifa yako ya mapato kwa TRA, lakini bila cheti ni maneno matupu. Mteja wa nje hatakukata. Mapato hayo nayo ni ya kutolewa kodi hapa ukiwa mkazi, basi yatengee fungu.

Fedha za nje huja kwa Payoneer, kwa Wise, au moja kwa moja benki kwa msimbo wa SWIFT. Linganisha makato na kiwango cha kubadilishia kabla ya kuchagua. Kwa malipo madogo, makato ya benki za katikati yanaweza kula sehemu kubwa.

Ankara ikipita siku yake, piga simu kwa mhasibu. Mkuu wa mradi anafurahia kazi yako, ila mhasibu ndiye anayejua karatasi yako imelala kwenye meza gani. Mpigie kwa heshima, mfahamu kwa jina, na mara nyingi utakuta kinachokosekana ni saini moja.

Wiki nne kabla mkataba haujaisha, omba barua ya uthibitisho wa kazi huku bado wanakuona kila siku. Ongeza mradi huo kwenye CV, badilisha tarehe ya kuanza, kisha wapigie mawakala wako wote wanne asubuhi hiyohiyo.